Upana wa Ukurasa: Bosi wa Tangazo au Msomaji wa Simu?

Wadau, wiki hii nimevutana na bosi mmoja mwenye ukumbi hapa Mwanza. Anataka tangazo lake likae juu kabisa, pikseli 728 kwa 90, na ukurasa niupanue hadi 960. Hela yake nzuri, na kodi ya chumba hapa Kiseke inanisubiri.

Ila wengi wenu mnasomea simu, na simu nyingi za Android huhesabu upana wa pikseli 360 hivi. Ukiweka 960, ama herufi ziwe kama sisimizi, ama msomaji avute kidole kushoto na kulia. Dada wa saluni jirani yangu hana muda huo. Anafunga, anarudi kusuka. 960 ilifaa enzi za intaneti kafe, skrini za 1024.

Hata kwenye kompyuta, mstari ukizidi herufi 75 jicho linapotea. Ukibana mno nako, maneno yetu marefu kama "hawatatusikiliza" yanaacha mapengo.

Nimeamua: maandishi mwisho pikseli 600, kwenye simu yajipunguze yenyewe, tangazo la simu liwe 320 kwa 50. Bosi kanuna, hajajibu mpaka leo.

Wadau, ninyi mnaonaje?