Rimoti nne, mkono mmoja

Nimerudi Mlimani tangu juzi, chumba kile kile, godoro lile lile. Bumu bado halijatoka kwa hiyo tafadhali msinipigie mizinga. Mwenzangu wa chumbani kaniuliza, "Likizo yote hiyo Tanga ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa nafundisha rimoti. Alicheka mpaka akakaa chini. Mtu wa ualimu, Historia na Kiswahili, miezi mitatu anafundisha rimoti! Haya na nyinyi chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana najua nusu yenu nyumbani mna balaa hili hili.

Sebuleni kwetu kuna TV, king'amuzi, deki, na ile sabufa yenye spika tano aliyotuletea mjomba kutoka Muscat ili nyumba iwe kama sinema. Vifaa vinne, rimoti nne, zote zimevaa mfuko wa nailoni (si mnajua kina mama). Sasa ukitaka kuangalia taarifa ya habari tu, sherehe yake ni hii. Rimoti ya kwanza, washa TV. Ya pili, washa king'amuzi. Ya tatu, washa sabufa, halafu bonyeza mpaka ifike kwenye waya wa TV, maana mara nyingi mtu kaiacha kwenye bluutuuthi. Rudi kwenye ya kwanza, zunguka orodha ya milango mpaka HDMI 1. Ukitaka sauti usiguse rimoti ya TV, utabonyeza mpaka kesho, sauti inatokea kwenye sabufa. Ukitaka kubadili chaneli uokote ya king'amuzi. Mgeni akija kwetu anakaa anaangalia kioo cheusi kwa adabu mpaka mwenye nyumba atokee.

Kwa mtu mwenye mikono miwili hicho ni kichekesho tu. Baba ana mmoja.

Machi 2023 baba alipata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakaondoka. Siyo kwamba haelewi, anaelewa kila kitu! Huyu ni mwalimu wa hisabati wa miaka thelathini na kitu, mpaka leo mtaani anaitwa Mwalimu, na ukikosea chenji mbele yake anakukodolea macho. Ila akitaka kusema jambo linatoka neno moja, mawili, au linatoka neno jingine kabisa, na yeye mwenyewe anajua kuwa silo. Hapo ndipo anaponyamaza.

Nilipofika likizo nikawa nakaa naye jioni. Watoto wa dada wakitoka shule wanaweka katuni. Shangazi akimaliza kupika anaweka tamthilia. Ikikaribia saa mbili usiku baba ananyanyua mkono wa kushoto kuelekea kwenye TV. "Anataka maji," anasema mtu, analetewa maji. Ananyanyua tena, anasogeziwa feni. Siku moja nilihesabu, aliletewa maji mara nne, na taarifa ya habari ikapita hivi hivi. Siku za mwishoni alikuwa hanyanyui tena mkono.

Nikalisema hilo jambo, kikawa kikao. Shangazi akasema, "Mgonjwa anatakiwa apumzike, hizo habari zenyewe za kupandisha presha tu." Mama akasema rimoti akipewa ataziangusha, na ya sabufa ikivunjika tutaipata wapi? Baba mwenyewe alikuwepo hapo hapo kwenye kochi lake, anatutazama mmoja mmoja tunavyomjadili. Jamani, ile niliona siyo sawa kabisa.

Ndipo nikampigia mjomba. Wiki tatu baadaye mtu aliyekuwa anarudi kutoka Muscat akatuletea kifurushi, ndani yake rimoti moja nene ya kuongoza vifaa vyote, ile ya kupangwa. Wadau, hapa msichanganye. Kuna zile za elfu chache Kariakoo, unaingiza namba ya siri ya kampuni ya TV yako na basi, zinafanya kazi ya rimoti iliyopotea. Hii inaweza mambo mawili zaidi. Kwanza inajifunza: unaielekezea rimoti ya zamani na inanakili amri zake. Pili, kitufe kimoja unaweza kukipa amri nyingi zifuatane, na katikati ukaweka mapumziko.

Wazo lenyewe si geni. Rimoti ya TV isiyo na waya ilianza Marekani mwaka 1955, Eugene Polley wa kampuni ya Zenith alitengeneza moja iliyokuwa kama tochi. Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta ya mlio ambao sikio la binadamu halisikii. Na mwaka 1987 Steve Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, akatoa ya kwake iliyojifunza amri za rimoti nyingine. Kwa hiyo nilichokuwa nakifanya sebuleni Chumbageni kina umri mkubwa kuliko mimi.

Inafanyaje kazi? Chukua rimoti yoyote, washa kamera ya simu, ielekeze kwenye kile kitaa cha mbele kisha bonyeza. Simu nyingi zitakuonyesha kitaa kinawaka zambarau. (Kamera nyingine ya nyuma imezibwa mwanga huo, jaribu ya mbele.) Huo ndio mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Unakonyeza haraka ajabu, vifaa vingi hutumia mara 38,000 kwa sekunde, Sony hutumia 40,000, na mtindo wa zamani wa Philips ni 36,000. Juu ya kukonyeza huko kuna vipindi vifupi na virefu vya kimya, na hivyo ndivyo herufi zake. Kwenye mtindo mmoja unaotumika sana, amri inaanza na mwanga wa milisekunde 9, kimya cha 4.5, kisha tarakimu 32 za sifuri na moja: jina la kifaa, kinyume chake, amri, kinyume chake. Kinyume ni cha kuhakikishia, kama mtu anayetaja namba ya simu halafu anairudia. Rimoti inayojifunza haihitaji kuelewa maana. Inakariri tu, kama sisi na desa usiku wa kuamkia UE!

Kufundisha kwenyewe ni rahisi ila kunachosha. Unazilaza mezani pua kwa pua, sentimita tatu nne hivi, unabonyeza kitufe kipya, unabonyeza cha zamani, taa inakonyeza kwamba imeshika. Fanya mbali na jua la dirishani, na zima zile taa za mirija, zinaweza kuichanganya. Sauti nikaifungia kwa sabufa moja kwa moja na chaneli kwa king'amuzi, hata uwe unaangalia nini. Hilo peke yake linaondoa nusu ya matatizo ya nyumba.

Ugumu ulikuwa kwenye kuwasha. Kitufe cha kuwasha ndicho hicho hicho cha kuzima! Ukimwambia king'amuzi "badilika" wakati kipo macho, kitalala. Hiyo isingekuwa shida kama vyote vingekuwa vinalala na kuamka pamoja, lakini sisi tunaishi na umeme wa kukatika. Ukirudi, TV yetu inabaki imelala, sabufa inabaki imelala, king'amuzi kinaamka chenyewe. Sasa bonyeza kitufe chako kimoja cha maajabu uone: TV inawaka, sabufa inawaka, king'amuzi kinazima. Kioo cheusi. Kwa mtu mzima wa afya ni kutafuta rimoti nyingine tu. Kwa baba ni kunyanyua mkono na kuletewa maji.

Kuna mdau atasema TV za sasa na vifaa vyake vinawasiliana vyenyewe kupitia waya wa HDMI. Ni kweli, kama vyote vinakubaliana. Vya kwetu vilinuniana.

Nilikaa siku nne na hilo. Dawa ikapatikana kwa kijana wa jirani mwenye Xiaomi, zile simu ambazo nyingi zina kitaa cha infraredi juu. Kwenye programu yake ya rimoti, kwa aina ya TV yetu kulikuwa na amri ambazo rimoti iliyokuja na TV haina kabisa: WASHA peke yake, ZIMA peke yake, na HDMI 1 moja kwa moja bila kuzunguka orodha. TV ikiwa macho ukaiambia WASHA, haifanyi kitu. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta! Nikaziweka simu na rimoti pua kwa pua, rimoti ikajifunza kutoka kwa simu.

King'amuzi na sabufa havikuwa na amri hizo, lakini vina tabia. King'amuzi chetu kikiwa kimelala ukibonyeza namba kinaamka, kikiwa macho kinakwenda chaneli hiyo. Sabufa nayo ukibonyeza kitufe cha waya wa TV inaamka. Kwa hiyo kuwasha nikatumia hivyo, vile vitufe vya kuwasha nikaviacha. Na kuzima je? Bibi alikuwa anasema kama hujui mtoto amelala au anajifanya, mwamshe kwanza ndipo umlaze. Nami nikafanya hivyo: kitufe cha kuzima kinatuma kwanza namba, kila kitu kinaamka, kinasubiri sekunde kadhaa, halafu kinatuma amri ya kulala. Kabla ya hapo viwe vimelala au viko macho haijalishi, mwisho wake vyote vinalala. Nikaenda kuzima umeme kwenye swichi kuu mara sita makusudi, shangazi akaniuliza kama chuo ndicho kimenifanya hivi.

Bado mkono. Amri hazitoki kwa mkupuo, zinatoka moja moja na mapumziko katikati, kama sekunde kumi na mbili, na muda wote huo pua ya rimoti lazima ielekee kwenye vifaa. Mkono wa baba unachoka kabla. Nikasema basi rimoti isishikwe. Kochi lake halihami, nikaifunga kwenye mkono wa kushoto wa kochi kwa tyubu ya baiskeli, pua ikitazama TV. Juu ya vitufe nikadondoshea rangi ya kucha ya mdogo wangu, ikikauka inakuwa kijinundu unachokisikia kwa kidole. Kijinundu kimoja ni chaneli ya habari, viwili mpira, vitatu zile redio zilizomo kwenye king'amuzi. Kitufe kikubwa kabisa ni kuzima. Vingine vyote nikavifuta amri, ukivibonyeza hakuna kitu.

Sikumfundisha baba kwa maneno mengi. Nilimwekea kidole juu ya kijinundu kimoja nikaondoka mbele ya TV. Akabonyeza. TV ikaamka, king'amuzi kikaamka, sabufa ikanguruma, mtangazaji huyo! Akazima. Akasubiri. Akawasha tena. Akazima. Mara ya tano mama akasema, "Baba nanihii, utaiunguza." Akamtazama mama, akawasha ya sita.

Lakini kilichonikaa moyoni kilitokea siku ya tatu. Shangazi yuko kwenye tamthilia yake, mtoto wa watu ndiyo anataka kuambiwa baba yake halisi ni nani. Saa mbili kamili, tap! Taarifa ya habari. Shangazi akageuka kama kaumwa na siafu. "Kaka! Kaka wewe, leo ndiyo anaambiwa! Dakika tano hukuweza kuvumilia?" Baba hakutoa kidole. Shangazi akasema, akasema, mpaka mkono kiunoni, akamkumbusha na ya utotoni, kwamba hata redio ya marehemu babu alikuwa anaing'ang'ania hivi hivi. Baba akapambana na neno lake, likagoma, akajaribu tena, likatoka: "Zamu."

Wadau, tangu kiharusi hakuna aliyewahi kugombana na baba. Tulikuwa tunamlisha, tunamfunika, tunasema "pole baba," tunampitia juu ya kichwa. Ile jioni shangazi alimgombeza kama kaka yake mkubwa mwenye kisirani, na naye akajibu. Mwishowe wakagawana: habari saa mbili, shangazi kuanzia saa tatu. Mpaka naondoka mkataba ulikuwa unashika, isipokuwa siku za mpira.

Kwa atakayependa kufanya nyumbani kwao: andikeni kwanza kwenye karatasi kila kifaa kinaamkaje na kinalalaje, na umeme ukirudi kinakuwa hali gani. Msizitupe rimoti za zamani, mtazihitaji kufundishia upya. Kuna rimoti hazisahau mkitoa betri, nyingine zinasahau, soma kijitabu chake. Na muulizeni mwenye kuitumia anataka vitufe gani, hata kama jibu lake litachukua nusu saa kutoka.

Mama kapiga jana usiku. Anasema baba amekuwa msumbufu, anafungua redio alfajiri nyumba nzima inaamka. Nikamwambia naweza kumfutia kile kitufe nikija Desemba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Aa, kiache tu."

Haya, pindi saa moja asubuhi na mimi desa sijagusa. Kwenu nyie rimoti anashika nani?