Daraja la Magogo

Sisi tuliokulia katika vijiji vya kuzunguka Kamina tunaukumbuka mlio ule: kinga, yaani baiskeli, imebeba magunia mawili ya mahindi, inaingia darajani, na kila mti unaitika kwa sauti yake, nzito pale gogo lilipo zima, tupu pale lilipoanza kuoza, hata aliyekaa uani akimenya mihogo aliweza kusema mgeni amefika katikati ya mto. Siku hizi zinasikika pikipiki tu.

Nchi yetu ni ya vijito. Mto Lomami unaanzia huku karibu na Kamina, kabla ya kushika njia ndefu ya kaskazini na kuingia mto Kongo kule Isangi, na huku juu kila bonde lina maji yake, mengine membamba ya kurukwa wakati wa kiangazi, lakini ikifika Januari mtu mzima anazama. Mwaka 1928 reli ilikamilika kutoka Bukama hadi Ilebo kupitia Kamina, na mwaka 1956 likamalizika tawi la Kabalo. Treni ilijengewa madaraja ya chuma. Vijiji vilichukua shoka.

Kazi ilianza kiangazi, majani yakiwa yamekauka na maji yameshuka. Wazee waliingia porini kutafuta mti wa mulombwa, kwa sababu mchwa hawali kiini chake upesi. Ukikosekana, walichukua muputu wakijua kwamba baada ya misimu michache watarudi tena. Mti ulianguka, ukavuliwa magome, ncha zake zikababuliwa motoni hadi zikawa nyeusi, kisha wanaume wa ng'ambo hii na ng'ambo ile wakauvuta kwa kamba huku wakiimba, utomvu mwekundu ukiwachafulia mashati yasiyotakata tena. Magome tuliyaloweka mtoni, karibu na mashimo ambamo mama zetu waliivisha mihogo, na harufu ile ya mihogo iliyochacha ikachanganyika na moshi na jasho. Yakilainika yalisokotwa kuwa kamba. Miti myembamba ikapangwa kukingama juu ya magogo makubwa, ikafungwa mmoja mmoja, na juu yake ukashindiliwa udongo wa kichuguu. Mchana bukari na sombe, yaani ugali na majani ya mihogo, vililetwa palepale, na mashauri ya mbuzi waliokula mashamba ya watu yalimalizwa kabla ya sahani kuoshwa.

Sisemi kwamba kila mtu alikuja kwa kupenda. Miaka ya utawala wa Mobutu kazi hiyo ilikuwa salongo, kazi ya lazima, na asiyeonekana alitozwa faini, mara nyingi kuku, hata kama alikuwa na kuku mmoja tu. Na daraja lenyewe liliua. Mvua za kuanzia Oktoba hadi Aprili zililegeza kamba, mafuriko yalichukua miti usiku, moto wa porini uliunguza magogo ambayo mchwa walikuwa wameyaacha. Madereva wa makamyo walitembea na mbao zao wenyewe, wakazitandika mbele ya magurudumu na kuziokota nyuma. Nilimwona mama mmoja wa kwetu akibebwa juu ya kitanda, uchungu umemshika, wabebaji wakipapasa kwa nyayo miti iliyolowa huku mtu mmoja akitangulia na kijinga cha moto, na watu wote waliosimama ukingoni wamenyamaza kabisa. Yeye alivuka. Wapo ambao hawakuvuka.

Kwa hiyo lilipokuja daraja la saruji, na mabomba makubwa ya kupitisha maji chini yake, nilifurahi na bado nafurahi. Kamyo linafika kwenye mlango wa mkulima. Mahindi hayangoji tena mpaka yaliwe na wadudu, na mgonjwa anapandishwa pikipiki anafika zahanati kabla ya usiku. Simtakii mtu yeyote kitanda kile juu ya miti ya utelezi.

Ila barabara inapita pande zote mbili. Makamyo yaliyoingia tupu yalitoka yamejaa makala, yaani makaa ya miti, magunia yamefungwa majani mdomoni, yamepangwa juu kuliko kichwa cha dereva. Baada ya makala zikafuata mbao za mulombwa. Miti ile ambayo babu zetu waliihesabu mmoja mmoja kwa ajili ya daraja imeondoka kwa kupita juu ya daraja jipya, na leo anayetaka gogo la urefu wa kuvuka mto atembee mbali sana, kisha atafute mtu anayejua kulichonga. Vijana wetu ni hodari wa kufungua injini. Kamba ya gome hawajaisokota, na sioni sababu ya kuwalaumu, kwani sisi ndio hatukuwaita kando ya maji.

Na watu wa ng'ambo tunapungiana mikono tukipishana. Majina ya watoto wao siyajui. Zamani nisingeweza kutoyajua.

Msimu huu mabomba yameziba kwa matawi na tope, na maji yameanza kula udongo ubavuni mwa saruji, mahali pa kutosha mtoto kuingia. Vijana wanasema daraja ni la serikali, barua imekwisha kuandikwa kwa wakubwa wa Kamina. Nimewaambia waitume. Nimewaambia pia kwamba majembe kumi, matano ya kwetu na matano ya ng'ambo, yanatosha kuzibua mabomba asubuhi moja kabla jua halijawa kali, na jembe la kwanza nitalishika mimi.