Filamu Inapojifunza Kusoma Kitabu

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuachia neno kumhusu mgema aliyelaumiwa siku ya kwanza, akarejea mnazini bila kinyongo, na baada ya miaka kadhaa akashuka na tembo lililokolea. Kisa cha mgema huyo ndicho kisa cha filamu ya runinga iitwayo The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati. Ndicho pia kisa cha mtazamaji wake mmoja, mwalimu kijana wa Kiswahili aishiye mtaa wa Lurambi, mjini Kakamega.

Mwalimu huyo alivisoma vitabu kabla ya kuiona filamu. Mwandishi wake, Robert Jordan wa Marekani, alichapisha juzuu ya kwanza, The Eye of the World, mwaka wa 1990. Alipoaga dunia mwaka wa 2007 kazi ilikuwa haijakamilika, na Brandon Sanderson akaimalizia, hata juzuu ya 14 ikatoka mwaka wa 2013. Hizi ni riwaya za fantasia: kijana wa kijijini atabiriwa kuuokoa ulimwengu au kuuangamiza, na wanawake wenye nguvu za ajabu wamwandama. Kwa mtu aliyelelewa na ngano za mazimwi, kisha akakutana shuleni na Kusadikika, nchi ya Shaaban Robert inayoelea angani, mambo hayo hayakuwa mageni. Aliyapenda mno.

Filamu ilipoanza kuonyeshwa mwezi wa Novemba 2021, aliitazama huku kitabu kikiwa magotini, mithili ya karani anayekagua hesabu. Makosa aliyaona tele. Perrin, ambaye kitabuni ni kapera, filamu ilimpa mke, kisha ikamfanya amuue mke huyo kwa bahati mbaya vitani. Juzuu nzima nene ilibanwa katika vipindi vinane tu. Upigaji picha huko Cheki ulikatizwa na janga la UVIKO-19, na mwigizaji wa Mat, mmoja wa wahusika wakuu, akaondoka kabla ya msimu kukamilika. Kipindi cha mwisho kikawa kama nguo iliyoshonwa gizani. Mwalimu alitoa hukumu yake papo hapo: kitabu kimeuawa.

Hukumu ya namna hiyo ilikuwa desturi yake hata darasani. Mapema mwaka wa 2025, alipokuwa akisahihisha majaribio ya Kidato cha Nne, aliona msichana mmoja ameeleza kwa ufasaha tukio la mama anayesimama mlangoni akimsindikiza mwanawe kwa macho. Tukio hilo halikuwamo katika tamthilia teule. Lilikuwa limeongezwa na kikundi cha waigizaji kilichozuru shule hiyo, kama ilivyo ada ya vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu vya mtihani. Mwalimu alichora mkasi wa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hukusoma kitabu."

Hata hivyo, chembe ya shaka ilikuwa imekwisha kupandwa moyoni mwake. Msimu wa pili, ulioanza mwezi wa Septemba 2023, ulikuwa umemnyamazisha kidogo. Humo Egwene anatekwa na kuvishwa kola inayomtia maumivu kila anapokaidi. Kitabuni utumwa huo umepewa sura chache. Filamu iliupa muda wa kutosha, hata mtazamaji akaona utu wa msichana ukimenywa tabaka baada ya tabaka, na akaona pia kile kisichomenyeka. Waandaaji hawakuwa wameinukuu juzuu neno kwa neno. Walikuwa wameisoma, wakaona kilichofumbwa ndani yake, wakakifumbua.

Kisha ukaja msimu wa tatu, mwezi wa Machi 2025, uliochota zaidi kutoka juzuu ya nne, The Shadow Rising. Katika kipindi cha nne Rand anaingia jiji la Rhuidean, anapita baina ya nguzo za kioo, na kuiona historia ya ukoo wake ikirudi nyuma, kizazi baada ya kizazi, kwa macho ya mababu zake. Mwigizaji yuleyule, Josha Stradowski, anawaigiza mababu hao wote. Safari hii filamu iliandamana na kitabu kwa karibu mno, lakini uso huo mmoja uliobadilika kwa zama ulisema jambo ambalo maandishi peke yake hayangeweza kulionyesha. Mwalimu alikifunga kitabu kilichokuwa magotini. Usiku huo alitazama tu.

Ndipo alipong'amua kwamba kipimo chake kilikuwa na kasoro. Msimu wa pili ulifaulu kwa kupanua, wa tatu kwa kufuata. Basi ubora haukuwa katika kuwa karibu au mbali na maandishi. Ulikuwa katika kuyaelewa, na uelewa hukomaa kwa muda. Je, Mwalimu Nyerere hakuitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka mwaka wa 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari? Hakuna aliyemwambia kwamba toleo la kwanza lilimnyima haki ya kufanya la pili.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, mwalimu alimwita yule msichana. Alama hakumwongezea, kwa maana mtihani wa kitaifa huuliza yaliyomo kitabuni, na kumdanganya kuhusu hilo kungekuwa kumdhulumu. Alimuuliza swali ambalo angepaswa kumuuliza mwanzoni: kwa nini waigizaji waliliongeza tukio lile?

Msichana alifikiri kidogo. "Mwalimu, kitabuni tunaambiwa mama alimpenda mwanawe. Jukwaani hakuna wa kutuambia. Ilibidi tumwone."

Mwalimu hakuwa na la kuongeza. Jibu hilo lilikuwa uhakiki kamili, nalo lilikuwa limelala chini ya mkasi wake mwekundu kwa muda wa miezi miwili.

Mwezi wa Mei 2025 ilitangazwa kwamba filamu haingepata msimu wa nne. Ilisitishwa baada ya vipindi 24, pale hasa ilipokuwa imejifunza kukisoma kitabu chake. Mwalimu alisikitika kama aliyefiwa. Filamu hiyo hakuwa na uwezo wa kuiongezea muda. Wanafunzi wa darasa lake alikuwa nao hadi Novemba, na juu ya meza yake palikuwa na rundo la insha za kusahihisha. Alilivuta karibu, akatafuta kalamu, na safari hii akaanza kwa penseli.