Mgongo Kwanza

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ng'ombe. Kila bucha pale Kiptere, Kericho, ilitaka ng'ombe ukutani, na kila mwenye bucha alitaka ng'ombe huyo atabasamu. Kwa nini mnyama anayekwenda kuchinjwa afurahi, sijajua hadi leo, ila tabasamu nilimpa, nikalipwa nusu pesa, nusu nyama. Baadaye zikaja kuta za vinyozi, vioski na duka la dawa za mifugo, pamoja na maandishi kwenye matatu za Kapsoit na Sondu.

Ile nyama ilikuja na somo. Enzi hizo ilifungwa kwa gazeti kuukuu, na mara nyingi kwetu lilikuwa Taifa Leo. Mama akishaiondoa nyama, mimi nalianika gazeti karibu na moto ili nisome katuni za Juha Kalulu. Edward Gitau alianza kumchora Juha miaka ya 1950, na alikuwa bado anamchora nilipojua kusoma. Niliiga kila fremu kwa makaa nyuma ya kalenda za miaka iliyopita. Kuiga kulinipa mkono mwepesi, basi. Juha wangu alifanana na Juha wa Gitau, lakini nikimchora mjomba wangu naye pia anafanana na Juha.

Kuchora watu nilijifunzia kituo cha kununulia majani chai. Tangu KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ianzishwe mwaka 1964, wenye mashamba madogo kama sisi wamekuwa wakipeleka majani kwenye vituo vya kando ya barabara, karani anapima, lori la kiwanda linachukua. Lori huchelewa. Na Kericho alasiri ni mvua, wakati mwingine mvua ya mawe, kwa hiyo foleni yote ilijifunika: magunia ya mbolea, karatasi za nailoni, leso. Uso huuoni. Nilikuwa nakaa chini ya paa la mabati na daftari la shule, nikijaribu kumtambua kila mtu kwa nyuma, na nikagundua ni rahisi kuliko nilivyodhani. Aliyebeba kilo ishirini hainami kama aliyebeba kilo tano. Mwenye deni dukani husimama mbali na mwenye duka hata wakiwa foleni moja. Mama yangu aliegemeza uzito wote mguu wa kushoto, nami ningemjua hata gizani.

Tangu hapo naanza na mgongo. Mstari mmoja, kutoka kisogoni hadi kisiginoni, uvutwe bila kuinua penseli. Mstari huo ukiwa mfu, hakuna pua wala miwani itakayoufufua. Ukiwa hai, kichwa ni yai tu juu yake, macho yakae katikati ya yai (wanafunzi wote huyaweka juu mno, kwenye paji), kisha nyusi. Nyusi ndizo hukasirika, ndizo hulia. Macho yenyewe yaweza kuwa vitone viwili.

Siasa ya vyama vingi iliporudi Kenya mwishoni mwa 1991, wachoraji wa magazeti walianza kumchora Rais Moi waziwazi. Gado, Mtanzania aliyetoka Dar es Salaam, alijiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, na mimi nikahama kutoka kwa Juha kwenda kwake. Pale kwetu kuzisoma katuni hizo hakukuwa starehe ya hadharani. Moi alikuwa mtu wetu, na wazee waliomcheka Juha kwa sauti waliikunja katuni ya Rais na kuitia mfukoni. Nilichotaka mimi ni kujua Gado anafanyaje. Nilimwelewa vizuri miaka mingi baadaye, alipomchora Uhuru Kenyatta akiburuta tufe la chuma na mnyororo kwa sababu ya kesi yake katika mahakama ya kimataifa ya The Hague. Ukishaliona tufe, sura waisoma baadaye. Amechagua kitu kimoja na kukishikilia mwaka baada ya mwaka, mpaka msomaji akakizoea kama jina.

Lakini Gado alimchora rais, na rais hanunui sukari kwenye duka analonunua Gado. Kiptere ni kituo kidogo. Niliwahi kubandika dukani karatasi ya manila yenye mizani, foleni ya wakulima, na karani ambaye nilimchora kwa nyuma, nyonga ameilaza kwenye nguzo. Jioni hiyo hiyo karani akanijia.

"Fundi, yule ni mimi."

"Karani, yule hana uso."

"Ndiyo maana nimejijua."

Hakukasirika sana, au alikasirika kwa adabu. Kesho yake alipima majani ya mama yangu, na foleni nzima ikanyamaza kutazama sindano ya mizani.

Kwa wachoraji wa vijijini nadhani hapo ndipo ugumu ulipo, wala si kwenye mikono na vidole. Waweza kumchora mtu, au waweza kuchora aina ya mtu. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walipoanzisha jarida la Joe mwaka 1973 walimbuni mtu wa kawaida wa mjini, ambaye kila msomaji angesema anamjua na hakuna ambaye angeshtaki. Mimi huchanganya: nyonga ya huyu, kofia ya yule, kitambi cha mtu wa Sondu.

Mambo ya wino nitayapitia haraka. Karatasi ya gazeti hunywa wino, kwa hiyo mistari ya unywele hupotea na weusi mzito hubaki. Chora kubwa, ichapishwe ndogo. Andika maneno kwanza, ndipo uyazungushie kiputo, maana anayeanza na kiputo huishia kubana herufi.

Vijana ninaowafundisha sasa Jumamosi hawajui nyama ya kufungwa kwa gazeti. Wamejifunzia kwenye simu, na wengi wanamwiga Kibet Bull, Gideon Kibet, aliyevuma kwa vivuli vyeusi visivyo na uso ambavyo kila Mkenya alivitambua mara moja. Desemba 2024 alitekwa Nairobi, akaachiliwa Januari. Wiki zile wazazi kadhaa waliniomba niwafundishe watoto maua na mandhari. Niliwafundisha maua. Mmoja, msichana wa kidato cha tatu, alichora ua lenye mgongo.

Msichana huyo ndiye aliyeniletea mashine. Kwenye mashamba makubwa mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono, na mwaka 2023 baadhi zilichomwa na waandamanaji hapa Kericho. Alitaka kuichora lakini haikukubali kanuni yangu: mashine haina kisogo wala kisigino. Aliisumbukia wiki nzima. Aliporudi, mashine ilikuwa kipande cheusi kando kabisa ya karatasi, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa wanawake wamesimama na vikapu vitupu, migongo imenyooka wima kama ya askari.

Nikamwambia amesahau kuacha nafasi ya maneno.

"Haina maneno, mwalimu."

Tukabishana. Mimi nilitaka angalau kiputo kimoja.