Kiswahili Chini ya Ardhi

Nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya Kiingereza, nilipata nafasi ya kwenda Kanada kwa muhula mmoja, kuanzia Januari hadi Aprili, katika Chuo Kikuu cha Carleton mjini Ottawa. Mimi ni mtoto wa Bujumbura, niliyezoea jua na upepo wa Ziwa Tanganyika. Nilipotoka uwanja wa ndege nilikutana na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Pua iliniuma kama imechomwa sindano. Nikajiuliza: watu wa huku wanaendaje darasani?

Jibu nililipata kesho yake. Wanapita chini.

Chuo hicho kipo kati ya Mto Rideau na Mfereji wa Rideau, mahali kilipohamia mwaka 1959. Chini yake kuna mahandaki ya saruji yenye urefu wa kilomita 5 hivi, yanayounganisha karibu majengo yote. Mwanafunzi anaweza kutoka bwenini, akaenda maktaba ya MacOdrum, kisha akapanda Dunton Tower, jengo la ghorofa 22, bila kuvaa koti. Huko juu mfereji umeganda hata watu wanateleza juu yake kwa viatu vya vyuma. Huko chini watu wanatembea na fulana. Kandokando ya njia na juu ya vichwa yanapita mabomba na nyaya zinazohudumia majengo. Vigari vidogo vya umeme hupita vikibeba wafanyakazi na mizigo, nasi tunabanana ukutani kuvipisha. Sehemu nyingine kuta zimechorwa picha na wanafunzi, rangi juu ya rangi.

Niliyapenda mahandaki hayo. Sikuwa na rafiki, na huko chini mtu akitembea peke yake hakuna anayemshangaa. Kila jioni, baada ya chakula, nilichagua njia nisiyoijua na kuifuata mpaka mwisho. Nilijifunza kutambua njia kwa michoro, si kwa vibao. Milango niliyoikuta imefungwa niliiacha. Sikutaka matatizo na mtu.

Usiku mmoja wa Februari, yapata saa nne, nilipotea. Nilikuwa nimepinda kona moja zaidi nikiwaza mambo ya nyumbani, na michoro niliyoizoea ikaisha. Kuta zilikuwa tupu. Nilisikia mlio wa mabomba tu. Nilijaribu kurudi nilikotoka, nikafika mahali pengine kabisa. Simu yangu haikuwa na mtandao. Hapo ndipo niliposikia mtu anaongea, na maneno yake yalinisimamisha.

"Huku hata mate yanaganda, dada yangu! Ukitema, inaanguka jiwe!"

Nikacheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Alikuwa mzee mwenye nguo za kazi, anasukuma kitoroli cha ndoo na mifagio, simu sikioni. Alipomaliza kuzungumza nilimuuliza kwa Kifaransa njia ya kwenda bwenini. Alinijibu kwa Kifaransa, akanitazama usoni, kisha akauliza: "Weye ni mutu wa Bujumbura?"

Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba samahani, sijui Kiswahili.

Hakusema neno. Aligeuza kitoroli chake akanisindikiza mpaka mlango wa bweni, mwendo wa dakika kumi hivi, kisha akarudi kazini kwake.

Usiku ule sikulala vizuri. Kwa nini nilimdanganya? Wanaojua Burundi wanaweza kuelewa, ingawa kuelewa si kusamehe. Nilikua katika nyumba ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili nilikiokota Buyenzi, kwa rafiki zangu wa mpira, na baba hakukipenda. Kwetu, kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu sawa na kumwita mjanja asiyeaminika. Kilikuwa lugha ya sokoni na ya kwenye magari ya abiria, si lugha ya mtu aliyesoma. Kwa hiyo nilikwenda hadi Kanada, nikapotea chini ya ardhi, na mtu aliyeniokoa nikamkana kwa sababu ya lugha niliyoipenda tangu utoto. Wala hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikia. Nilimwonea haya nani?

Nilimtafuta kwa siku tatu. Siku ya nne nilimkuta anapiga deki karibu na maktaba.

"Jambo, muzee," nikasema. "Ile siku nilikudanganya. Kiswahili ninakijua."

"Ninajua," akajibu bila kuacha kazi. "Mutu asiyejua Kiswahili hawezi kucheka ile maneno ya mate."

Tukacheka wote wawili. Tangu siku hiyo, mara mbili kwa wiki, nilikwenda kuzungumza naye wakati wake wa kupumzika. Alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa letu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko kabla ya vita kumhamisha, na alikuwa na miaka mingi hajarudi. Nilimsahihisha "mutu" na "mutoto" mara moja tu. Aliniuliza: "Yule aliyekuambia cha kwako ndiyo sahihi, ni nani?" Nikakosa jibu. Swali hilo ninalo mpaka leo, na kwa sehemu ndilo lililonifanya niache Kiingereza na kuanza kusoma Kiswahili niliporudi. Baba alinyamaza kwa wiki mbili, kisha akaniuliza nitafundisha wapi.

Siku ya kuagana, mzee aliniomba jambo moja. Usiku, mtu akisimama ufukweni Bujumbura, huziona taa za Uvira zikiwaka chini ya milima. Alisema nikifika nikamwangalizie.

Wiki ya kwanza nilipofika nyumbani nilikwenda ziwani baada ya giza kuingia, nikampigia simu. Kwake ilikuwa bado mchana.

"Umeme uko?" akauliza.

"Uko, muzee. Zinawaka."

Akanyamaza kidogo. "Hesabu," akasema.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, huku watu wanapita nyuma yangu.