Lango la Mawe la Chicago

Kusini ya mji wa Chicago, katika nchi ya Marekani, limesimama lango la mawe lenye matao matatu, na juu ya tao la kati kimechongwa kichwa cha fahali. Nyuma yake sasa ni viwanda na maghala. Lakini tangu tarehe 25 Desemba 1865 hata mwaka 1971, hapo palikuwa na mnada wa mifugo uliojulikana ulimwenguni kote. Ng'ombe, nguruwe na kondoo waliletwa kwa gari la moshi, wakauzwa katika mazizi ya mbao, wakachinjwa jirani. Damu na matumbo vilitupwa katika tawi la mto lililo karibu, vikaoza hata maji yakatoa mapovu. Nayo mapovu hayo hayajakoma.

Si kwamba hapakuwa na ukaguzi. Sheria ya mwaka 1891 ilikwisha kuweka wakaguzi, ila shabaha yake kubwa ilikuwa kuwaridhisha wanunuzi wa ng'ambo. Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimekataa nguruwe wa Marekani kwa kuogopa minyoo, basi nyama iliyopelekwa huko ilipimwa kwa hadubini. Nguruwe aliyeliwa Chicago kwenyewe hakupimwa hivyo. Mgeni alitunzwa kuliko mwenye nyumba!

Mwaka 1904 mwandishi Upton Sinclair alikaa majuma saba kati ya wafanyakazi wa vichinjio, na mwaka 1906 kikatoka kitabu chake, The Jungle. Alitaka watu wawahurumie wafanyakazi hao; wasomaji wakaihofia zaidi sahani yao. Rais Theodore Roosevelt aliwatuma Charles Neill na James Reynolds wakatazame. Waliona nyama ikizolewa kwa sepetu kutoka sakafu chafu ya mbao. Waliona pia nguruwe aliyekwisha kuoshwa akianguka na kuteleza hata ndani ya choo cha wanaume; watu wawili wakamwinua, wakamtundika pamoja na wenzake, wala hakuoshwa tena.

Tarehe 30 Juni 1906 sheria mpya ilitiwa sahihi. Kila mnyama alitazamwa angali hai, na baada ya kuchinjwa akatazamwa tena: tezi, mapafu, ini. Aliye mzima alipigwa muhuri, na mwenye ugonjwa nyama yake ikaharibiwa. Sakafu na vyoo navyo vikakaguliwa.

Nani alipe gharama? Seneta Beveridge alitaka wenye vichinjio walipe kwa kila kichwa. Wao wakakataa katakata, na mzigo ukaangukia hazina ya serikali, dola milioni 3 kwa mwaka. Tena sheria ilihusu nyama iliyovuka mipaka ya jimbo au kwenda ng'ambo tu. Iliyochinjwa na kuliwa katika jimbo lile lile haikuguswa nayo mpaka mwaka 1967.

Na wale waliopita chini ya lango kila alfajiri, visu mkononi? Juu ya mshahara wao na vidole walivyopoteza kazini, sheria haikusema neno.