Siku Hizi Nasoma Kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Nyamuswa, kando ya barabara ya kwenda Bunda, na redio ndiyo mwenzangu wa kutwa nzima. Kupitia redio hiyo nimewasikiliza mawaziri, majaji, maprofesa na waandishi waliotoa vitabu vipya wakihojiwa, na kwa miaka mingi nilifurahia sauti zao kama wengine wanavyofurahia muziki. Huku kwetu Mara mazungumzo hayo yana uzito wake, maana wawili kati ya wazee ambao nchi nzima iliwategea sikio ni wa hapa hapa: Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama na Jaji Joseph Warioba wa Bunda. Maneno ya mmoja wao yakitajwa, jioni kijiweni ubishi unafungwa kwa maneno mawili tu: "Mzee kasema."

Mimi siufungi tena hivyo, na ninataka kueleza ilivyokuwa.

Juni 2013 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ambayo Jaji Warioba alikuwa mwenyekiti wake, ilitoa rasimu ya kwanza. Mabaraza ya Katiba yalipoanza kuijadili wilayani, mjumbe mmoja alinipitishia suruali ya kupunguza miguu, na pamoja nayo rasimu. "Fundi, nishikie na hii, nitaipitia jioni." Jioni hakutokea, wala kesho yake. Nikaifungua.

Redioni nilikuwa nasikia jambo moja tu, asubuhi hadi usiku: serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Kwenye karatasi nikakuta mengi ambayo hakuna mteja wangu aliyekuwa akiyazungumza. Mbunge asizidi vipindi vitatu. Wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla muda wake haujaisha. Mawaziri wasiwe wabunge. Mambo ya Muungano yabaki 7 tu. Nilisoma taratibu, ibara kwa ibara, na kila nilipokwama nilichoma pini ya kushonea pembeni ya ukurasa ili nije niulize. Mwenye suruali aliporudi, nilimwomba anitafutie nakala yangu mwenyewe.

Kwa hiyo tarehe 18 Machi 2014, Jaji aliposimama Dodoma mbele ya Bunge Maalum kuwasilisha rasimu ya pili, mimi nilikuwa na ibara zake zote 271 mezani, pini zimejaa. Niliacha sare za shule zilizokuwa zinadaiwa nikakaa kusikiliza. Alieleza kwamba mwaka 2010 Zanzibar ilibadili katiba yake ikajitambulisha kuwa nchi. Akalieleza lile lalamiko la Wazanzibari kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. Akatoa na hesabu za maoni: kati ya wananchi wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu; kwa Zanzibar, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Siku tatu baadaye Rais Kikwete alihutubia Bunge hilo hilo akaonyesha wasiwasi wake kuhusu serikali tatu, hasa gharama na chanzo cha mapato cha Serikali ya Muungano. Nikafungua penye pini ya mapato. Kwa mara ya kwanza nilisikia wakubwa wawili wakitofautiana nikajua kabisa wanatofautiana mstari gani.

Mzee mmoja jirani alikuwa ameketi kwenye benchi langu. Akaniambia, "Mwalimu alizikataa serikali tatu. Huyu naye ni wetu, na anazitaka. Fundi, uko upande gani?"

"Sijamaliza kusoma, mzee."

Alinyamaza kidogo. "Haya, ukimaliza utuambie."

Ahadi kwa mzee ni deni. Mwalimu mmoja wa sekondari alinipa fotokopi ya *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kijitabu ambacho Nyerere alikitoa mwaka 1994, kikachapishwa Harare. Kilizaliwa na mambo ya mwaka 1993: Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na wabunge 55 wakadai Serikali ya Tanganyika. Nilitarajia kukuta amri. Nikakuta mtu anayejenga hoja kwa uvumilivu na kwa hasira pia, akiwataja viongozi kwa majina. Anaeleza kwa nini serikali moja ingeonekana kama kuimeza Zanzibar, na kwa nini ya tatu ingeleta mzigo na hatimaye kuvunja nchi. Anayesema tu kwamba Mwalimu alikataa ameziacha sababu, na sababu ndizo Mwalimu alizojipa taabu kutuandikia. Nilimpenda zaidi baada ya kumsoma, na bado kuna mahali sikubaliani naye.

Ndiyo maana yaliyotokea Ubungo Plaza, Dar es Salaam, tarehe 2 Novemba 2014 yaliniuma sana. Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo kuhusu Katiba, na Jaji akiwa bado anazungumza vurugu zikazuka. Watu wazima walikuja na mabango badala ya maswali. Kura ya maoni ya katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 nayo haikufanyika, na nchi inaendelea na Katiba ya 1977.

Jumapili mchana huwa tunakusanyika kibandani, watu wachache. Tukisikia fulani atahojiwa, kwanza tunatafuta alichoandika. Rais mstaafu, Mzee Mwinyi, alipotoa kitabu chake *Mzee Rukhsa* mwaka 2021 tulichanga tukaagiza nakala moja Dar es Salaam, tukaanza na miaka ya 1985 hadi 1990 alipokuwa na Warioba kama Waziri Mkuu wake. Tunasoma kwa sauti, kwa kuwa wengine macho yamechoka, na anayesoma anakatizwa kila dakika. Wazee wetu wa Ikizu nao wamo vitabuni: simulizi zao, walizoziandika wenyewe kwa Kiswahili, zilichapishwa Uholanzi mwaka 2003, na kuzipata hapa Nyamuswa ni shida kweli kweli. Hilo linanikera, na nalisema popote nikipata nafasi.

Yule mzee jirani bado huja kudai jibu lake. Nimemwambia ninaegemea kwa Jaji, ila nina swali ambalo ningemuuliza mwenyewe akipita hapa: Shikamoo, mzee. Ikiwa Serikali ya Muungano itategemea ushuru wa bidhaa na mapato mengine machache, na serikali moja, ya Tanganyika au ya Zanzibar, ikagoma kuchangia, mshahara wa askari aliyeko mpakani mwezi huo utatoka wapi?